Mfumo Mkongwe na Dharura ya Kujitakia: Kisa cha Mishahara ya Queensland

Historia ya dola huandikwa kwa kawaida kupitia vita, katiba, chaguzi na wakubwa waliopanda na kuanguka. Kuna ukurasa mmoja ambao huachwa mtupu: ule unaoeleza jinsi serikali inavyoamua kuachana na programu ya kompyuta iliyozeeka na kuhamia nyingine. Ukurasa huo tumewaachia watu wa TEHAMA, nao huuandika kwa lugha yao, katika mafaili ambayo sisi wengine hatuyafungui. Sikubaliani na mgawanyo huo wa kazi. Mfumo unaokokotoa mishahara ya watumishi wa umma ni chombo cha dola sawasawa na mahakama au hazina. Lini uzimwe, nani athibitishe kwamba mrithi wake yuko tayari, na nani abebe hasara ikibainika hakuwa tayari, hayo ni maamuzi ya kisiasa hata yanapotangazwa kwa msamiati wa seva na matoleo mapya.

Kisa ninachokitumia kulieleza jambo hili darasani kinatoka katika Idara ya Afya ya jimbo la Queensland, Australia. Nimekichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kina kumbukumbu nyingi kuliko visa vingi vya aina yake: Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa jimbo alikiandikia ripoti mwaka 2010, kampuni ya KPMG ikakikagua upya mwaka 2012, na mwaka 2013 Tume ya Uchunguzi chini ya Richard Chesterman, aliyewahi kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani ya jimbo hilo, ikatoa ripoti yenye kurasa zaidi ya 200. Ya pili ni kwamba Queensland inatunyima visingizio. Mifumo yetu ya serikali inaposhindwa, tumezoea kutaja umaskini, uhaba wa wataalamu na kukatika kwa umeme. Kule umeme ulikuwepo, fedha zilikuwepo, na mkandarasi alikuwa IBM.

Jimbo lenyewe lina eneo linalokaribia mara mbili ya Tanzania, na hospitali zake za umma zimetawanyika kuanzia Brisbane hadi visiwa vya Mlango wa Torres. Idara ya Afya ilikuwa na watumishi wapatao 78,000, wanaolipwa kila baada ya wiki mbili. Tangu nusu ya pili ya miaka ya 1990 mishahara hiyo ilianza kuhamishiwa katika mfumo ulioitwa LATTICE, ukisaidiwa na programu nyingine iliyotafsiri zamu za kazi kuwa malipo.

Hiyo kazi ya kutafsiri zamu ndiyo moyo wa kisa chote, kwa hiyo naomba msomaji anivumilie. Mtu aliyeajiriwa ofisini, anayeingia saa mbili asubuhi na kutoka saa tisa na nusu alasiri, hulipwa kiasi kilekile kila mwezi, na mashine yoyote inaweza kumlipa. Muuguzi si hivyo. Wiki hii ana zamu mbili za usiku, moja ikiangukia Jumapili. Wiki ijayo anakaimu nafasi ya msimamizi wa wodi kwa siku tatu. Katikati anaitwa kwa dharura akiwa nyumbani, halafu anabadilishana zamu na mwenzake kwa makubaliano ya mdomo. Kila kimoja kati ya hivyo kina posho yake na kiwango chake. Queensland ilikuwa na nyaraka 13 za kisheria za masharti ya kazi, juu yake mikataba kadhaa ya hali bora, na posho za aina zaidi ya 200. Ukizichanganya, kulikuwa na namna zipatazo 24,000 za kukokotoa malipo ya mtu. Hakuna mtu mmoja aliyezibuni zote. Zilikuwa mashapo ya miongo kadhaa ya migomo, majadiliano na maridhiano kati ya serikali na vyama vya wafanyakazi. Yaani ndani ya mfumo ule wa kompyuta ilikuwamo historia ya kazi ya jimbo zima, na karani wa mishahara aliyekaa miaka 15 katika hospitali moja ndiye aliyekuwa mfasiri wake.

Kampuni iliyouhudumia mfumo wa LATTICE, Talent2, ilikwisha kueleza kwamba baada ya 30 Juni 2008 haitaendelea kuuhudumia. Hapa neno “ukongwe” linahitaji kuangaliwa kwa makini. Programu haishiki kutu. Inazeeka pale mafundi wake wanapoondoka, pale sheria na viwango vya mishahara vinapobadilika na hakuna wa kuirekebisha ivifuate, na pale vifaa vipya vinapokataa kuelewana nayo. Kwisha kwa huduma ya mtengenezaji ni hatari halisi, lakini ni hatari inayokua polepole kwa kiwango ambacho mtu anaweza kukipima. Inapogeuzwa kuwa siku ya kiyama, yenye tarehe, mjadala hufungwa. Kila anayeuliza swali huambiwa kwamba mfumo unaweza kuzimika kesho.

Serikali ya Queensland ilikuwa tayari na ndoto kubwa zaidi. Tangu mwaka 2002 ilikuwa ikitekeleza mpango wa kuunganisha huduma za fedha na utumishi za idara zote ziwe chini ya mfumo mmoja unaotumia programu za SAP. Mpango ulisuasua, gharama zikapanda, na mwaka 2007 ikaamuliwa kwamba kazi yote apewe mkandarasi mkuu mmoja. Tarehe 5 Desemba 2007 IBM ilisaini mkataba wa takriban dola milioni 98 za Australia. Ndani ya mkataba huo mfumo wa mishahara ya afya ulikuwa kipengele kidogo: suluhisho la mpito, la dola milioni 6.19, lililotakiwa kuanza kazi katikati ya mwaka 2008. SAP ingelipa, na programu iitwayo WorkBrain ingepokea zamu na kuzitafsiri.

Tafakari kiasi hicho na muda huo. Miezi isiyozidi minane, dola milioni sita, watu 78,000, namna 24,000 za kukokotoa. Hesabu hiyo iliwezekana kwenye karatasi kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba hakuna aliyekuwa ameandika kikamilifu ni kazi gani mfumo mpya unapaswa kufanya. Serikali haikueleza mahitaji yake kwa ukamilifu, IBM haikuyachimbua kwa kina, na pande zote mbili zikaweka saini. Baada ya hapo kila posho iliyogunduliwa ikawa ugomvi: je, imo ndani ya mkataba au ni kazi ya ziada yenye malipo yake?

Kufikia Oktoba 2008, kwa mujibu wa Tume, IBM haikuwa imetimiza kigezo chochote cha utendaji kilichowekwa katika mkataba, ilikwisha kulipwa takriban dola milioni 32, na ilikadiria kwamba kuimaliza kazi yote kungegharimu dola milioni 181. Serikali ikaachana na ndoto ya kuunganisha idara zote. Ikabakiza kipande kimoja tu, mishahara ya afya, kwa hoja ileile kwamba LATTICE iko ukingoni.

LATTICE haikuzimika. Tarehe 30 Juni 2008 ilipita, na wiki mbili baadaye watumishi wakalipwa. Tarehe ya kuhamia mfumo mpya ilipangwa na kuahirishwa mara kumi, na kila ilipoahirishwa mfumo mkongwe uliendelea kulipa. Hadi unazimwa Machi 2010 ulikuwa umeishi miezi 20 baada ya tarehe ya kifo chake. Ningekuwa mjumbe wa bodi ya mradi ule, miezi hiyo 20 ningeihesabu kama ushahidi. Ilikuwa inawaambia kwamba muda upo, kwamba mahitaji yanaweza kuandikwa upya kwa kukaa na makarani na viongozi wa vyama hospitali kwa hospitali. Hawakuisoma hivyo. Kila ahirisho lilihesabiwa kuwa aibu, na aibu ikazidisha haraka.

Wapo watakaonikumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hiyo ni nyepesi mno kwa kisa hiki. Mradi wa miezi minane uliochukua zaidi ya miaka miwili huwezi kuuita wa haraka. Palikuwa na dharura bila kasi: watu walinyimwa nafasi ya kufikiri kwa jina la muda, huku muda wenyewe ukipotea.

Yupo pia atakayenijibu kwamba kungoja nako kuna gharama, na huyo ana hoja. Aprili 2014 Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows XP, Serikali ya Uingereza ililipa zaidi ya pauni milioni 5.5 ili ihudumiwe mwaka mmoja zaidi, maana kompyuta nyingi za sekta ya umma zilikuwa bado hazijahamishwa. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipoenea, Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilihesabu taasisi 81 za afya kati ya 236 za Uingereza (England) zilizoathirika kwa namna moja au nyingine. Wengi walilaumu XP. Lakini kompyuta nyingi zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7, toleo lililokuwa bado linahudumiwa na ambalo kiraka chake kilikwisha kutolewa miezi miwili kabla; hakikuwekwa tu. Kwa hiyo mtumishi anayepanga kuhama toleo asijifariji kwamba kuwa na toleo jipya ni kuwa salama, wala asidhani kununua muda ni ubadhirifu. Muda unaonunuliwa una thamani ikiwa kuna kazi inayofanyika ndani yake.

Turudi Queensland, katika hatua ambayo wanafunzi wangu huikumbuka kuliko zote: majaribio. Kabla ya kuupokea mfumo mpya, watumiaji hupewa nafasi ya kuujaribu, na kasoro zinazopatikana hupangwa kwa madaraja ya ukali. Kasoro za daraja la juu zikiwepo, mfumo haupokelewi. Hiyo ndiyo kanuni iliyowekwa mwanzoni. Majaribio ya Queensland yalipoendelea kufichua kasoro kali nyingi kuliko kanuni ilivyoruhusu, ufafanuzi wa madaraja ukalegezwa. Kasoro zilizokuwa za daraja la pili zikashushwa hadi la tatu, na zikaandikiwa mpango wa kuzishughulikia baada ya mfumo kuanza kazi. Kampuni huru iliyosimamia majaribio ilionya kwamba mfumo haujawa tayari. Onyo lilifika mezani. Bodi ikaendelea.

Kulikuwa na kinga nyingine ambayo ingewaokoa. Kwa mabadiliko ya namna hii, mifumo miwili huendeshwa sambamba: unalipa kwa ule wa zamani, unakokotoa kwa ule mpya, kisha unalinganisha mtu kwa mtu. Ni kazi ya kuchosha na inagharimu, lakini ndiyo njia pekee ninayoijua ya kugundua kwamba muuguzi wa zamu ya Jumapili amepunjwa kabla yeye mwenyewe hajagundua. Ulinganisho kamili wa watumishi wote haukufanyika. Na juu ya yote hayo, kipindi hichohicho uchakataji wa mishahara ulipangwa upya, ukaondolewa karibu na wodi na kukusanywa katika vituo vya pamoja. Karani aliyewajua watu wake kwa majina sasa alipokea fomu za faksi kutoka kwa watu asiowajua, katika mfumo asioujua. Mabadiliko mawili makubwa, kila moja likitegemea uthabiti wa lingine, yalifanywa kwa wakati mmoja. Katika ripoti yote, huu ndio uamuzi ninaouona kuwa mzito kuliko hata mkataba wenyewe, ingawa haukuandikwa sana magazetini kwa sababu hauna dola milioni ndani yake.

Mfumo mpya ulianza kazi tarehe 14 Machi 2010. Malipo ya kwanza yalipotoka baadaye mwezi huo, baadhi ya watumishi hawakupata kitu, wengine walipata pungufu, wengine walipata zaidi ya stahiki zao. Wakati wa kuhama, LATTICE ilifungwa kwa siku kadhaa ili taarifa zihamishwe, na mabadiliko ya zamu yaliyotokea siku hizo yalirundikana bila kuingizwa. Ulipofunguliwa mfumo mpya, ulikuwa mzito, ukisita wakati wa kazi nyingi. Makarani hawakuweza kumaliza rundo la kwanza kabla ya la pili kuwafikia. Marejesho ya rehani za nyumba na kodi za pango hayakungoja. Chama cha wauguzi kikapaza sauti, serikali ikatoa malipo ya dharura, na waziri wa afya, Paul Lucas, akawa akijibu maswali kila wiki kuhusu mashine ambayo bila shaka hakuwahi kuiona.

Kesi ya kisiasa ilimalizikia kwenye sanduku la kura. Serikali ya Waziri Mkuu wa jimbo, Anna Bligh, iliangushwa vibaya katika uchaguzi wa Machi 2012. Mishahara ya afya haikuwa sababu pekee, lakini ilikuwa miongoni mwa zile ambazo wapinzani hawakuhitaji kuzieleza. Serikali mpya ya Campbell Newman ndiyo iliyounda Tume. Chesterman alikiweka kisa hiki katika safu ya mbele ya kushindwa kwa utawala wa umma nchini Australia, akataja sababu kuu mbili: dharura isiyo na msingi, na watumishi wa serikali kutokuwa makini katika wajibu wao. Aliikosoa IBM pia, ikiwemo mwenendo wake wakati wa zabuni, na Agosti 2013 serikali ikaizuia kupata mikataba mipya. IBM ilikana kwamba yenyewe ndiyo yenye lawama. Kwa watumishi wanaosoma ukurasa huu, ninashauri msianzie kwenye sehemu inayomhusu mkandarasi. Anzeni na sura zinazoeleza vikao vya ndani, muone jinsi watu wenye vyeo na vyeti walivyopitisha waraka baada ya waraka, kila mmoja akiamini kwamba swali gumu limekwisha kuulizwa na mwingine.

Ipo saini moja zaidi. Septemba 2010, miezi sita baada ya mfumo kuanza, serikali na IBM walifikia makubaliano: IBM irekebishe kasoro zilizoorodheshwa, na serikali iiachilie dhidi ya madai yaliyotokana na kazi ile. Hofu ilikuwa ileile iliyouzaa mradi. Serikali iliogopa kwamba IBM ikiondoka, mishahara itasimama. Desemba 2013 jimbo lilifungua kesi dhidi ya IBM. Desemba 2015 Mahakama Kuu ya jimbo ikaamua kwamba makubaliano ya 2010 yana nguvu na yanazuia madai hayo, na mwaka uliofuata serikali ikaamriwa kulipa gharama za kesi za upande wa pili.

Wakati huo wote mfumo uliendelea kulipa, kwa namna yake. KPMG ilikadiria mwaka 2012 kwamba gharama yake kwa miaka minane ingefika takriban dola bilioni 1.25 za Australia. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya kulipa watu. Ili mishahara itoke kila wiki mbili, makarani zaidi ya 1,000 walihitajika kushughulikia kwa mkono fomu zipatazo 92,000, na baadhi yao walikuwa na kazi ya ziada: kuwatafuta wauguzi waliolipwa zaidi mwaka 2010 na kuwadai.